Wastani wa Mpwa

Mlinzi wa getini alimpitisha yule mgeni kwa sababu ya rangi. Tangu Jumatatu ofisi ilikuwa ikimsubiri fundi wa kupaka ukuta wa ujia, ule uliovimba kwa unyevu, na mtu mwenyewe huyu hapa: ovaroli yenye matone meupe na ya bluu, viatu vimekaukiwa na chokaa, bahasha mkononi. "Pita moja kwa moja, fundi, kisha mkono wa kulia," mlinzi alimwambia. "Wamekungoja mpaka wamechoka." Naye akapita moja kwa moja, kisha mkono wa kulia, akasukuma mlango ulioandikwa WAFANYAKAZI TU, akasimama katikati ya chumba huku watu wote wakimkodolea macho.

"Samahanini," akasema. "Ni nani kati yenu anayepima watoto?"

Mzee wa Mihuri, aliyekuwa amekaa kwenye meza ya mbele na mihuri yake kumi na miwili kama jogoo na vifaranga, aliteremsha miwani. "Kliniki ya watoto iko ng'ambo ya barabara, ndugu yangu. Sisi hapa tunapima karatasi."

"Ndizo hizo. Karatasi za watoto waliosoma nje."

"Lo! Na ukuta wetu je?"

"Ukuta wenu nimeuona. Una maji ndani. Msipake kitu mpaka ukauke." Akageukia meza iliyokuwa karibu naye kuliko nyingine. "Mwanangu, naomba unisikilize dakika mbili tu. Ukishanisikiliza, nifukuze."

Meza hiyo ilikuwa ya Nukta.

Mama yake hakumpa jina hilo. Alilipata kwa Mzee wa Mihuri, wiki yake ya kwanza kazini, baada ya kurudisha mafaili manne kwa sababu ya nukta moja moja iliyokaa mahali pasipo pake. Alikuwa na shahada ya hisabati, miaka miwili ya kukaa nyumbani akiitazama shahada hiyo ukutani, na mkataba wa majaribio wa miezi sita uliobakiza siku tisa. Baba yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ni mtu wa serikali. Nukta mwenyewe aliipenda kazi kwa namna ambayo wenzake waliionea haya kidogo. Kila cheti kilichotoka shule ya ugenini kilikuja na mizani yake: huku wanapima kwa ishirini, kule kwa herufi, kwingine moja ndiyo ya juu na sita ndiyo ya kuanguka. Kazi yake ilikuwa kuchukua tafsiri rasmi ya cheti, kufungua jedwali la nchi husika, na kutoa namba moja isiyozidi mia, yenye kujibu swali moja: mtoto huyu angesoma hapa kwetu, angewapita wenzake wangapi katika kila mia? Namba hiyo ndiyo waliyoitazama watu wa udahili wa vyuo. Kwa udaktari, mwaka ule, hawakugusa faili la chini ya tisini na tano.

"Baba, wageni hawaruhusiwi humu," Nukta alisema taratibu. "Malalamiko yana fomu yake, ipo dirishani. Unajaza, unajibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi."

"Na orodha ya udaktari inafungwa lini?"

Nukta alijua, na alitamani asijue. "Leo. Saa kumi."

Fundi akacheka, kicheko kisicho na meno. "Basi nyumba yangu inaungua, nanyi mnaniambia nikiandikie kisima barua."

Akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka mezani kwa uangalifu, asije akaichafua. Ilikuwa barua ya ofisi yao. Katikati, kwa wino mzito, namba: 58.

"Huyu ni mpwa wangu," akasema. "Binti wa dada yangu. Dada yuko huko nje mwaka wa kumi sasa, anafua mashuka ya hospitali. Mtoto kasomea huko huko, kamaliza, wakamwambia wewe si wa hapa, chuo chetu huingii. Akarudi kwangu na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Tangu akiwa hivi," akaonyesha usawa wa goti, "wimbo wake ni mmoja: daktari, daktari. Walimu wake walimpa zawadi mbele ya shule nzima, picha ninayo. Sasa nyinyi mnasema hamsini na nane."

"Baba, labda shule za huko—"

"Mimi karatasi zao siwezi kuzisoma, sikatai. Lakini rangi naijua. Rangi ikikataa, huwezi kuilaumu rangi. Kuna mahali ukuta haukusuguliwa. Hii haikushika, mwanangu. Kuna mahali haikushika."

Chumbani kila kazi ilikuwa imesimama. Hata Mzee wa Mihuri alikuwa ameshika muhuri hewani bila kuugonga.

"Hajala tangu juzi," fundi akaendelea, sauti ikishuka. "Halii. Angelia ningejua la kufanya. Jana usiku nimemkuta anafunga vitabu kamba. Nikamuuliza, vipi? Akaniambia, 'Mjomba, labda kule walikuwa wananihurumia tu. Mtoto wa mfua mashuka. Labda alama zote zile zilikuwa huruma.'" Akaitazama ile 58. "Mimi nikimwambia wewe una akili, anajua nambembeleza. Mjomba atasema nini kingine? Na leo ni Alhamisi. Kila Alhamisi saa kumi na moja mama yake hupata mapumziko, ndipo wanapoongea kwa simu. Leo atamwambia kwamba kazi ya miaka kumi ilikuwa bure. Dada yangu namjua mimi. Hilo likimwingia, halitoki."

Nukta akavuta karatasi na kuandika namba ya faili. Alijua hana ruhusa. "Nitalifungua faili," akasema. "Siahidi kwamba kuna kosa. Mara nyingi hakuna."

"Likiwapo?"

"Likiwapo litasahihishwa."

"Hilo ni la ofisi. Mimi naomba dogo." Fundi akainama, mikono juu ya magoti. "Likiwapo, sitaki mtu afukuzwe, sitaki mtu afungwe. Nataka aliyekosea amwambie mtoto mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya saa kumi na moja. Akisikia kwangu ni huruma tena. Akisikia kwa aliyekosea, ataamini."

Lilikuwa jambo dogo kweli. Nukta aliwaza juu ya mtu fulani wa mafaili, mzembe, asiyejali nukta, na akaona haki kabisa mtu huyo apige simu moja. "Nakuahidi," akasema. "Aliyekosea atampigia leo, hata kama itabidi nimshike mkono."

Fundi akaandika namba ya simu ya mpwa wake pembezoni mwa barua, akashukuru mara tatu, akatoka. Ujiani walimsikia akisimama, akigonga ukuta kwa kidole, akiguna.

*

Faili lilikuwa kwenye kabati la pili, rafu ya chini. Lilikuwa na karatasi tatu tu. Ya kwanza cheti chenyewe, kwa lugha ambayo hakuna mtu ofisini aliyeijua. Ya pili tafsiri rasmi. Ya tatu karatasi ya ulinganisho.

Nukta alianza na tafsiri. Jina, tarehe, jina la shule. Orodha ya masomo. Chini kabisa:

*Matokeo ya jumla: Wastani*

Basi, ndiyo hivyo, akawaza, na moyo ukamwuma kwa ajili ya yule fundi. Madaraja ya maneno kwenye mfumo wao yalikuwa matano: Bora, Vizuri Sana, Vizuri, Wastani, Hafifu. Wastani kwa jedwali la nchi ile ni hamsini na nane. Hakuna kosa. Mtoto ni wa kati tu, kama wengi wetu.

Lakini macho yake yakarudi juu, kwenye masomo. Baiolojia, 1. Kemia, 1. Hisabati, 2. Fizikia, 1. Na nchi ile, jedwali lilisema wazi, moja ndiyo ya juu.

Akaiinua tafsiri kwenye mwanga wa dirisha. Muhuri wa mtafsiri, duara nene la bluu, ulikuwa umegongwa chini ya neno *Wastani*, mwanzoni mwa mstari uliofuata. Ndani ya wino, kama mtu aliyezama na kubakiza vidole, kulikuwa na tarakimu mbili na nukta katikati yake. 1.3.

Mtafsiri hakusema kwamba mtoto ni wastani. Alisema wastani wake ni moja nukta tatu.

Neno ni moja, maana ni mbili. Wastani ni ile hesabu ya kujumlisha alama zote na kuzigawa. Na wastani ni mtu wa hivi hivi, chai isiyo ya moto wala ya baridi. Mtu wa lugha nyingine asingeweza kukosea vile hata angetaka. Ilihitaji mtu aliyekua na neno hilo mdomoni, aliyelisoma haraka kiasi cha kutouliza lina maana ipi, akachagua kwenye orodha, akabonyeza, akageukia faili jingine.

Akaiweka karatasi ya tatu juu. Mwandiko alioukuta aliujua kuliko anavyoujua uso wake. Herufi mbili za majina yake, zenye mkia uleule aliojifunza darasa la nne. Tarehe ya Ijumaa moja ya mwezi uliopita, siku waliyokimbiza mafaili arobaini na manne kabla ya kufunga ofisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na chini, kwenye kisanduku cha *jicho la pili*, mahali ambapo mtu mwingine anatakiwa kupitia kila kitu upya, palikuwa na sahihi ya Bi Mkubwa, mkuu wa kitengo.

Alifanya hesabu kwa kalamu ingawa mfumo ungeifanya. 1.3, jedwali la nchi ile, mstari wa kwanza: tisini na saba.

"Nukta," Mzee wa Mihuri akaita, "mbona umekuwa kama ukuta uliopigwa chokaa? Au yule fundi kakupaka na wewe?"

Akalifunga faili. Alikwenda msalani, akafungua bomba, akaliacha litirike. Kulikuwa na njia nyepesi, na aliiona yote hadi mwisho wake. Faili lirudi rafu ya chini. Fundi ajaze fomu, ajibiwe baada ya siku ishirini na moja, atakapokuwa hana la kuuliza. Siku tisa zipite. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa yeye, na mtu akijua peke yake jambo baya, hulizoea. Aliwaona watu wakizoea makubwa kuliko hilo. Kisha akamfikiria yule msichana akifunga vitabu kamba bila kulia. Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, *hata kama itabidi nimshike mkono*, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akafunga bomba.

*

Bi Mkubwa alisoma karatasi zote tatu bila kukaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyewahi kuwa mwalimu, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Vijana wa ofisi walimwogopa, lakini alipofiwa mmoja wao, yeye ndiye aliyekesha naye msibani siku tatu.

"Funga mlango," akasema. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Yule fundi?"

"Anahisi tu."

Bi Mkubwa akaketi. Akaiweka tafsiri upande, kisha akairudisha, kana kwamba ingebadilika. "Mafaili arobaini na manne kwa siku moja. Niliwaambia wakubwa. Niliandika barua." Akajifuta paji la uso. "Haya. Lisilo budi hutendwa. Jaza fomu ya nyaraka mpya. Tunaandika kwamba mwombaji ameleta tafsiri iliyo safi zaidi, tunampa tisini na saba yake, mambo yanakwisha. Hakuna aliyekosea."

"Nyaraka mpya zinahesabiwa kuanzia leo, Bi Mkubwa. Zinakwenda awamu ya pili. Awamu ya pili udaktari hauna nafasi hata moja."

"Kuna uuguzi. Kuna maabara. Mtoto mwenye akili hakosi pa kukaa."

"Akisubiri mwakani cheti kitakuwa kimepita miaka miwili. Hatutakipokea tena. Kanuni ni yetu wenyewe."

"Kanuni nazijua, binti. Baadhi nimeziandika mimi."

"Basi fomu ya kosa la ofisi. Hiyo inarudi kwenye tarehe yake ya zamani. Tukiituma kabla ya saa kumi, anaingia awamu ya kwanza kama wenzake."

"Fomu ya kosa la ofisi inataka jina la aliyekosea, na jina la jicho la pili. Unajua tangu nimekaa kiti hiki imejazwa mara ngapi? Haijajazwa. Mwaka jana gazeti moja lilisema tunauza namba. Uongo mtupu, lakini nilisimama mbele ya kamati kama mwizi wa kuku. Sasa niwapelekee karatasi yenye sahihi yangu kwamba nilipitia faili bila kulitazama? Mwaka mmoja kabla ya kuondoka?"

"Bi Mkubwa, mtoto hajala tangu juzi."

"Na wewe usidhani mimi nimekula!" Sauti ilipanda, kisha akaishusha mwenyewe. "Niache nifikiri. Toka."

Nukta akatoka. Ilikuwa saa nane na robo.

Alikaa kwenye kiti cha mbao nje ya ule mlango wa kioo, fomu tupu mapajani. Saa nane na nusu. Ndani, Bi Mkubwa alikuwa ameshika tama, hapigi simu, haandiki. Saa tisa kasoro kumi. Mzee wa Mihuri alipita mara mbili akijifanya anatafuta wino. Mara ya pili akainama na kunong'ona, "Sijui mna nini humo, wala sitaki kujua, maana mdomo wangu hauna kufuli. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu." Akaenda zake. Saa tisa na nusu. Mikono ya Nukta ilikuwa imeloa jasho hata pembe ya fomu ikalegea.

Saa kumi kasoro dakika ishirini na mbili akaingia bila kubisha.

"Bi Mkubwa, wewe unastaafu, mimi hata sijaanza," akasema, na maneno yakamtoka yakikimbizana. "Andika kosa ni langu peke yangu. Andika nililipeleka faili mbele bila kukuletea, sahihi ikawekwa baadaye kwa utaratibu. Nitatia saini. Lakini tulitume sasa hivi."

Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua. Nukta hakuwahi kutia saini uongo. Alishangaa jinsi kalamu ilivyokuwa nyepesi.

Bi Mkubwa alisoma, akasaini mahali pa mkuu wa kitengo, akaishika fomu bila kuiachia. "Sikiliza vizuri. Fomu hii naweza kuiweka mahali ambapo haitaonekana siku ya kuujadili mkataba wako. Hilo nitakufanyia, kwa sababu umenifanyia hili. Lakini ile familia usiiguse. Barua itawafikia."

"Lini?"

"Wiki tatu, kama wengine. Ukipiga simu ukasema tumekosea, kesho wana wakili, keshokutwa tuko gazetini. Karatasi nitaificha. Simu siwezi kuificha. Ukipiga, hizo siku tisa usizihesabu. Tumeelewana?"

"Saa kumi kasoro robo, Bi Mkubwa," Nukta akasema, akaivuta fomu.

Mzee wa Mihuri aliigonga bila kuuliza swali, muhuri mmoja, wa pili, wa tatu, kwa mkono uliokwenda haraka kuliko umri wake. Nukta akaipitisha kwenye mashine, akabadilisha namba kwenye mfumo, akabonyeza, kisha akapiga simu udahili, kwa kuwa hakuiamini mashine.

"Imeingia," sauti ya kijana ilisema upande wa pili, ikitafuna kitu. "Saa tisa na dakika hamsini na moja. Mnapenda kututia presha nyinyi."

"Kwa hiyo yumo? Udaktari, awamu ya kwanza?"

"Yumo kwenye orodha, dada. Kuwamo si kuchaguliwa. Wako mia tisa, nafasi ni themanini. Na usaili bado. Aombe Mungu."

*

Saa kumi na dakika ishirini Nukta alishuka ngazi za nyuma, akasimama karibu na mapipa ya taka, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Alikuwa amepanga kila kitu. Angesema taratibu, bila jina, angemwomba msichana asimwambie mtu mpaka barua ifike. Ahadi ingetimia na siku tisa zingebaki. Pengine mtu anaweza kuuma huku anapuliza.

Iliita muda mrefu.

"Haloo." Sauti ndogo, kavu.

"Habari yako, mdogo wangu. Napiga kutoka ofisi ya ulinganisho wa vyeti. Ile namba uliyopewa, hamsini na nane, haikuwa sahihi. Namba yako ni tisini na saba. Imeshatumwa udahili."

Kisha msichana akasema, kwa upole uliomkata Nukta kuliko tusi, "Mjomba ndiye amekuomba unipigie?"

"Hapana. Yaani, alikuja ofisini, lakini—"

"Mwambie asante. Mwambie nitakula, asihangaike kutafuta watu. Na wewe dada, asante." Simu ikakatwa.

Akapiga tena. Ikaita hadi mwisho. Akapiga mara ya tatu, na ilipopokelewa hakusalimu.

"Usikate! Nisikilize. Huniamini, sivyo? Nimejua. Hata mimi nisingeamini. Unayo ile barua?"

"Ipo."

"Juu kabisa, chini ya nembo, kuna namba ya simu ya ofisi. Usiniamini mimi. Piga hiyo. Atakayepokea mwambie unataka kuzungumza na mtu aliyepima cheti chako, mtajie namba ya faili. Piga sasa hivi, kabla hujaongea na mama yako."

Msichana hakusema ndiyo wala hapana. Lakini hakukata mara moja, na kwa Nukta hilo lilitosha.

Alipanda ngazi mbili mbili. Namba ile ilikuwa ya simu nyeusi ya mezani, pale kwa Mzee wa Mihuri, hatua nne kutoka mlango wa kioo. Kando yake kulikuwa na daftari ambalo kila simu iliyoingia iliandikwa: nani kapiga, kamtaka nani, kwa jambo gani. Bi Mkubwa alilisaini kila jioni. Hakukuwa na mtu aliyeweza kuzungumza kwenye simu ile bila chumba kizima kusikia.

Saa kumi na dakika thelathini na tano. Simu haikulia. Wenzake walikuwa wakikusanya vitu vyao taratibu, wakitaniana kuhusu ukuta utakaokauka siku ya kiama. Nukta alisimama katikati ya chumba, pale pale alipokuwa amesimama fundi. Saa kumi na dakika arobaini. Alifikiria baba yake na majirani zake. Alifikiria ile shahada ukutani, na mama yake akiipangusa vumbi tena. Akajikuta akitamani, kwa sekunde moja ambayo angeionea haya miaka mingi, kwamba msichana asipige.

Simu ikalia.

"Ofisi ya vyeti," Mzee wa Mihuri akaitika. Akasikiliza. Akarudia kwa sauti, kama alivyozoea, huku kalamu ikienda kwenye daftari: "Unamtaka... aliyepima... cheti chako. Faili namba ngapi, mama?" Akaiandika. Akainua macho, akamtazama Nukta, akautazama mlango wa kioo, akamtazama Nukta tena. Aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Naweza kusema mmeshaondoka," akanong'ona. "Ni wewe tu useme."

Nyuma ya kioo Bi Mkubwa alikuwa ameinua kichwa.

Nukta akanyoosha mkono, akaichukua simu. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

"Haloo?" sauti ndogo ikasema. "Nani?"

Akataja jina lake lote, lake na la baba yake, kama lilivyoandikwa kwenye mkataba. Akasikia mlango wa kioo ukifunguka, na hatua zikija, zikisimama. Hakugeuka.

"Mimi ndiye niliyepima cheti chako," akasema, na kila aliyekuwa chumbani alisikia. "Nimekosea mimi, si wewe, wala walimu wako. Unayo kalamu? Chukua kalamu. Nitakueleza nilivyokosea, neno kwa neno, uandike, ili saa kumi na moja umsomee mama yako."